Ombi la Kukata Mti Mmoja Ili Tupande Miti

Kikundi cha Mazingira cha Mwanzo Mwema,
Kando ya Barabara Kuu,
Garsen.
14 Mei

Kwa Bwana Meneja wa Miradi,
Shirika la Tana Ipumue,
Nairobi.

Mpendwa Bwana Tom,

MINTARAFU: MTI ULIOKUA NDANI YA SHAMBA LA KUPANDIA MITI

Natumaini u mzima, kiti kipya umekizoea na kiyoyozi cha ofisi kinakutii. Sisi huku Garsen hatujambo, ila joto, na ila jambo moja ambalo limeninyima raha tangu nilipopokea barua yako ya tarehe 2 mwezi huu.

Barua hiyo niliisoma mara tatu, mbili kwa miwani na moja bila. Inasema kwamba sherehe ya Siku ya Mazingira itarudi kwetu tarehe 5 Juni baada ya miaka mitatu ya kufanyiwa hotelini Malindi, ambako nasikia mlipanda mti ndani ya chungu. Inasema mgeni rasmi anatoka mbali sana. Inasema pia kwamba Shamba la Mfano lazima liwe "wazi na tayari kupandwa", la sivyo sherehe na mradi mzima vitahamishiwa Chewele. Sina ugomvi na watu wa Chewele. Lakini kuchimba mashimo hawajui.

Kwa kuwa wewe ni mgeni katika kazi hii, niruhusu nijitambulishe. Mimi ni Job Hiribae, Mpokomo, mwalimu mstaafu wa hesabu katika shule ya msingi, mkulima wa ndizi na maembe ukingoni mwa mto, na katibu wa Kikundi cha Mwanzo Mwema tangu kianzishwe. Vilevile mimi ndiye mchimbaji wa mashimo. Cheo hiki hakimo katika katiba ya kikundi, ila bila mimi mgeni rasmi angebaki amesimama na mche mkononi, mfano wa mtu aliyepakatishwa mtoto asiye wake.

Mashimo yangu ni kumi na mawili. Huanza kuyachimba Aprili, udongo ukiwa bado laini kwa mvua, futi mbili kwenda chini, samadi ikitoka bomani kwa jirani yangu Mzee Sadik. Nimeyachimba kwa sherehe tisa, mahali palepale, na nayajua kwa namba. Namba nne ndilo shimo la mgeni rasmi, kwa sababu liko karibu na bango na saa nne asubuhi jua humwangaza mtu vizuri mbele ya kamera. Bango lenyewe linasema tumepanda miti elfu tisa. Nimefundisha hesabu miaka thelathini, lakini sijawahi kubishana na bango.

Sasa, Bwana Tom, shimo namba nne lina mti. Sisemi mche. Nasema mti. Ni mkungu wa miaka saba, umeshapita paa la zahanati, na watoto wanaokota kungu chini yake wakizigonga kwa mawe. Ulipandwa na shirika lako mwenyewe na haukufa. Kwa niaba ya kikundi nakiri kosa hili, na ninaomba ruhusa ya kuukata kabla ya sherehe ili tupate mahali pa kupanda miti. Sababu zangu nimezipanga kwa namba, upate kuzinukuu kwa urahisi mikutanoni.

1. UMEVUNJA UTARATIBU

Kwa sherehe tano za mwanzo mambo yalikwenda sawasawa. Tarehe tano tulipanda. Tarehe sita mgeni rasmi alikuwa ameshafika kwao. Tarehe saba au nane mbuzi wa Mzee Sadik walipita wakala miche yote, na mwaka uliofuata shamba lilikuwa wazi na tayari kupandwa, kama barua yako inavyotaka. Mzee Sadik ni mfugaji, Muorma, anakaa ng'ambo ya barabara, na ninaomba jina lake liingizwe katika ripoti zenu. Hakuna aliyewahi kuutumikia mradi huu kwa uaminifu kuwashinda mbuzi wake. Walikuwa wakiijua sauti ya spika. Mwaka wa nne walifika hotuba haijaisha, wakaanza na ratiba iliyokuwa mezani, na bosi wenu wa wakati ule akasema hiyo ni dalili kwamba jamii imeupokea mradi.

Mbuzi hula urefu wa kamba yake, lakini hawa hawakuwa na kamba, wala hatukuona sababu ya kuwafunga. Nyinyi mlipanda, wao walikula, mimi nilichimba. Kila mmoja alikuwa na kazi yake na mwaka mpya ulimkuta kazini. Mti huu umekatiza mzunguko huo. Mzee Sadik ameuzungushia miiba ya mathenge, ule mti ambao wahisani wa zamani waliwasihi wazee wetu waupande. Huo haukuhitaji sherehe wala samadi, na sasa umetuzibia hata njia ya kwenda mtoni. Mbuzi wake amewafundisha kupita mbali. Wale wakongwe bado husimama kando ya lami wakisikia spika ya mhubiri au ya mgombea kiti, wakalitazama shamba kwa hamu. Mzee Sadik akikohoa, wanaondoka. Ukiwaona utawahurumia.

2. HAUKUKUA KWA NJIA ILIYOIDHINISHWA

Hili ni refu kidogo, naomba uvumilie.

Ilikuwa sherehe ya sita. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja mpole mwenye kofia pana na gambuti mpya ambazo kibandiko cha dukani kilikuwa bado hakijatolewa. Ratiba ilitaka "uwakilishi wa akina mama" katika safu ya mbele, basi tukamkalisha Kaltuma, mke wa mwana wa Mzee Sadik, ambaye mimba yake ilikuwa imefika ukingoni. Alikuwa ametoka malishoni, mwendo wa nusu siku, kwa sababu aliambiwa kutagawiwa fulana. Mgeni rasmi alipofika kwenye maneno "kwa ajili ya kizazi kijacho", Kaltuma alishika mkono wa kiti, na kiti kikavunjika.

Kilichofuata kilikuwa cha haraka. Akina mama walilifungua bango la kitambaa kutoka kwenye nguzo zake wakalifanya pazia, maneno "Panda Mti, Okoa Kesho" yakiwa upande wa nje. Mama Valentine, mkunga wetu wa huku mtoni, akaingia ndani na chupa tatu za maji ya wageni. Baada ya dakika arobaini tulisikia mtoto, na sauti yake iliishinda spika. Alikuwa wa kike, akaitwa Ifrah. Wageni walipiga makofi, wengine walilia, na mimi niliyekuwa mshereheshaji nikatangaza kwamba ratiba inaendelea.

Hapo ndipo kosa lilipoingia. Kwetu kondo la nyuma halitupwi. Iwe sisi wa mashamba au wao wa ng'ombe, huzikwa ardhini, na pale linapozikwa huwa ni pa mtoto yule. Hapakanyagwi ovyo na hapafukuliwi. Kwa Kaltuma kulikuwa mbali, jua lilikuwa kali, na Mama Valentine alipogeuka aliona mashimo kumi na mawili yamechimbwa vizuri. Akachagua la karibu. Kaltuma akasoma dua yake, Mama Valentine akafukia kidogo kwa mkono. Shimo hilo lilikuwa namba nne.

Dakika kumi baadaye nilimwongoza mgeni rasmi hadi namba nne. Nilishangaa kuona shimo limekuwa fupi, nikaona haya moyoni, nikidhani mwaka ule nimechimba kivivu. Mama Valentine alikuwa akinipungia mikono yote miwili kutoka upande wa pili. Nilidhani anashangilia, nami nikampungia. Mgeni akaweka mche wa mkungu, akashindilia kwa gambuti, kamera zikafanya kazi yake. Jioni Mama Valentine akanieleza alichokuwa akinipungia. Kuung'oa mche ilikuwa ni kufukua kisichofukuliwa. Mzee Sadik alipopata habari alikuja akausimamia ule mche wenye majani manne, akaniambia, "Katibu, hii si miti tena. Hii ni Ifrah." Kisha akaenda kukata miiba.

Tangu siku ile amekuwa mtu mwingine. Mwaka wa ukame, ng'ombe wake wakianguka njiani, aliuletea mkungu dumu la lita ishirini kila Ijumaa, na Mama Valentine akaleta lake kila Jumapili baada ya kanisa. Mafuriko yalipotufukuza hadi kambini, alikodi mtumbwi akaenda kuuangalia. Alirudi akatuambia maji yamefika matawini na mti ungali umesimama. Nyumba yake ilikuwa imesombwa. Hakuitaja mpaka tulipomuuliza.

Unaona mwenyewe, Bwana Tom, kwamba mti huu haukukua kwa semina. Haukukua kwa fulana wala kwa kauli mbiu. Ulikua kwa sababu kuna watu waliona aibu kuuacha ufe. Hiyo si mbinu ya kitaalamu, haimo katika mwongozo wenu, na ikivuja nje itaharibu semina nyingi zilizokwisha kupangwa.

3. MTI WENYEWE HAUPO

Afisa wenu wa nyanjani, kijana Elvis, alikuja mwezi wa pili kufanya tathmini. Ni kijana mwenye adabu, hunisalimu kabla ya kuvua kofia ya pikipiki. Alikaa chini ya mkungu, akafuta jasho, akafungua mashine yake ya kubonyeza. Kwa kila shimo fomu iliuliza hali ya mche, ikampa majibu manne ya kuchagua: umekufa, umeliwa, umesombwa na maji, haupo. Alitafuta sana. Mwisho akaniambia, "Mwalimu, hii fomu inajua miche tu. Mti haijui, na nisipobonyeza kitu haifungui ukurasa mwingine." Tulishauriana. Mche kweli haukuwapo. Akabonyeza "haupo", kungu moja ikamwangukia begani.

Kwa hiyo katika kompyuta zenu shimo namba nne ni tupu, na ndiyo maana barua yako inazungumza juu ya shamba kwa matumaini makubwa. Sikulaumu. Lakini angalia faida iliyomo. Mti usiokuwapo ukikatwa, hakuna mti uliokatwa, na hakuna gazeti litakalotuandika. Tukiuacha, shamba litaendelea kuipinga ripoti, na katika miaka yangu yote ya kukaa na miradi sijaona shamba lililoishinda ripoti. Naomba tulirekebishe shamba.

4. KIVULI CHAKE KINAWAHARIBIA WENZENU KAZI

Mwaka jana shirika jingine, la amani, ambalo sitalitaja, lilikuja kuwapatanisha wakulima na wafugaji. Walikuja na hema, viti na kijana wa kupuliza maputo. Walitukuta chini ya mkungu tangu asubuhi. Ndama wa Mzee Sadik walikuwa wameingia kwenye migomba yangu, na nakuhakikishia nilikuwa nimemwambia maneno mazito, naye alikuwa amenijibu mazito zaidi, na shauri lilikuwa limekwisha na tunagawana tende. Dada mwendeshaji wa mkutano alisikitika. Akatuomba kwa upole tukae mbalimbali kwanza ili apate kutuleta pamoja. Kwa adabu tulikubali. Wafugaji walikaa juani dakika ishirini. Halafu tukaunganishwa, tukapigwa picha tukishikana mikono, na Mzee Sadik akaniuliza kwa sauti ya chini kama tulikuwa tumekosana tena bila yeye kujua.

Watu wa ndege nao wana lao. Walitundika visanduku vya mbao kwenye nguzo za umeme ili ndege wapate makazi. Ndege wote wako mkunguni, na visanduku wamepanga nyigu.

Hata nyinyi hamkusalimika. Mgeni rasmi wa sherehe ya tisa alikaa chini ya mti huo akinywa soda, akauliza ni nani aliyeupanda. Nilifungua kinywa nimjibu. Kabla sijatoa neno akawageukia wenzake akasema, "Mnaona? Asili ikiachwa bila kuguswa na binadamu, hujiotea yenyewe." Nilimwongezea soda. Baadaye alipanda mche wake katika namba tano, ambalo limekuwa shimo la wageni rasmi tangu la nne lijae, nao ukafa kwa kiu mwezi uleule.

5. TABIA HII INAENEA

Hili ndilo linalonitisha. Habari za Ifrah na mti wake zimefika kila kijiji. Mtoto hajaugua ugonjwa wa maana tangu azaliwe, darasani anaongoza, na watu wetu wanajua kujumlisha. Sasa kila mwenye mimba anamfuata Mama Valentine kuulizia nafasi. Katika mashimo kumi na moja yaliyobaki, saba yana wenyewe tumboni. Kuna mama mmoja wa Madogo, ambaye hata hatumjui, ametuma ujumbe kwamba atashuka na basi mwezi wa nane na awekewe lile la kona.

Hebu tufanye hesabu. Mashimo yote kumi na mawili yakijaa kwa mtindo huu, baada ya miaka saba tuna msitu kando ya lami. Watu wa Bura wataona, nao wana mifereji na maji hawakosi. Watapanda kando ya kila mfereji. Kisha Hola, kisha Chewele hukohuko mnakotaka kukimbilia. Baada ya miaka ishirini Tana yote itakuwa na miti yenye majina ya watu, na mbuzi wote wamefundishwa adabu. Hapo mtapanda wapi? Magari mtayapeleka wapi? Bango litasema nini ambalo mtu hajaliona kwa macho? Wewe mwenyewe una familia, Bwana Tom, na sipendi kuwa mtu aliyekunyima kazi.

Ugonjwa huu umeingia hata nyumbani kwangu. Binti yangu Valary ana mimba na siku zake zimekaribia. Ni ya tatu. Watoto wawili wa kwanza hawakukaa. Mmoja hakulia kabisa, wa pili alilia siku mbili akanyamaza. Tangu hapo Valary amekuwa mtu wa maneno machache, na mimi baba yake sijui la kumwambia, kwa hiyo huwa namwambia juu ya mashimo. Mwezi uliopita nilimkuta peke yake kwenye Shamba la Mfano, amesimama mbele ya namba tano nililokuwa nimemaliza kulichimba siku ile, mkono kiunoni, analipima kwa macho. Akaniuliza, "Baba, hili umelichimba refu kama lile la nne?" Nilimjibu kwamba hilo ni shimo la mgeni rasmi, kwamba nimelichimba mara kumi sasa pamoja na hii, na kwamba mali ya mradi haichezewi. Nilisema kwa ukali. Aliondoka, na chakula cha jioni alikila jikoni peke yake. Nakuandikia haya ujue kwamba katika jambo hili sina upendeleo kwa mtu yeyote.

6. HAKUNA WA KUSHIKA SHOKA

Nilidhani kuukata itakuwa kazi rahisi. Nilikwenda mjini Garsen kwa Khalid, mwenye msumeno wa petroli. Aliupenda mpango mpaka nilipotaja mahali. Akazima mashine. "Mwalimu," akasema, "yule mtoto amekukosea nini?" Nikarudi.

Nikaamua kwenda mwenyewe na shoka langu. Nilifika saa kumi alasiri, na Ifrah alikuwa juu ya mti, miguu inaning'inia, anawaangushia wenzake kungu. "Shikamoo, Mwalimu. Hilo shoka ni la nini?" Nikasema ni la kuni. Akanitafutia tawi lililokauka, akanielekeza nisimame wapi lisije likaniangukia. Nililikata hilo tawi nikarudi nalo nyumbani, kwa sababu nilikuwa nimeshasema ni kuni.

Kwa hiyo ninaomba mtutumie mkataji kutoka huko Nairobi. Sifa zake ni mbili tu. Awe hana ndugu katika kaunti hii, na awe mtu asiyejua kondo lake lilizikwa wapi. Nasikia huko mjini wapo wengi.

Napendekeza ratiba iwe hivi. Saa tatu hotuba ya uhifadhi wa mazingira. Saa tatu na nusu mti ukatwe. Saa nne kamili, jua likiwa mahali pake, mgeni rasmi apande mche mpya katika shimo lilelile namba nne, nami nitakuwa nimelilainisha. Apewe kipande cha gogo akitundike ofisini kwake, kikiwa kimeandikwa kwamba alipanda mti Tana. Mzee Sadik ashughulikiwe siku hiyo kwa kualikwa semina mahali pa mbali, kwani nikimwona usoni huenda nikashindwa kuwa mshereheshaji.

Nimalizie kwa salamu. Nisalimie wote waliomo ofisini, kuanzia dereva hadi yule dada anayepokea simu na kusema upo mkutanoni. Nisalimie Elvis ukimwona kabla yangu, na mashine yake. Mama Valentine anakusalimu. Mzee Sadik pia anakusalimu, ingawa hajui ninachokiandika na leo asubuhi ameniletea maziwa. Familia yangu haijambo na inasubiri. Kama wasemavyo, mgeni njoo mwenyeji apone, nasi tunawangoja kwa mikono miwili na majembe kumi na mawili.

Wako katika kuchimba,

Job Hiribae
Katibu na Mchimbaji,
Kikundi cha Mazingira cha Mwanzo Mwema.

N.B.
19 Mei

Barua hii imekaa siku tano mezani ikimngoja Elvis na pikipiki yake, na katika siku hizo mambo yametokea.

Valary alijifungua Jumamosi kabla ya adhuhuri. Ni mvulana. Alilia. Leo ni siku ya nne na bado analia, mchana wote, nami nimekaa nje ya dirisha namsikiliza na sina haja ya redio. Mama yake anazungumza tena. Jana alinicheka kwa sababu nilivaa shati nje ndani.

Siku ile Mama Valentine alitoka chumbani na kifurushi kidogo mkononi, akanitazama. Valary hakuomba kitu. Mimi mwenyewe ndiye niliyechukua jembe nikatangulia njia. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Namba tano nimeifukia kwa mikono yangu hii, nikaacha juu nafasi ya mche, na nilipoinua kichwa Mzee Sadik alikuwa ameshafika na mzigo wa miiba, mbuzi wake wamesimama mbali barabarani. Sijui nani alimwambia. Hakuniuliza neno juu ya kukata mti, wala mimi sikumweleza.

Kwa sababu hiyo, Bwana Tom, naomba barua yote iliyo hapo juu, kuanzia salamu hadi sahihi, uichukulie kuwa imeliwa na mbuzi. Mkataji asije. Ukiona vema kuipeleka sherehe Chewele, ipeleke, nami nitakwenda kuwafundisha kuchimba. Ila kwanza tutumie mche mmoja wa mkungu, mzima, Elvis anaweza kuufunga nyuma ya pikipiki na si lazima mgeni rasmi aje nao. Shimo lile nimelichimba mara kumi. Sitalichimba tena.

J.H.